Nyumba Itulie Kabla ya Jumapili

Jumapili, 6 Julai

Nimetoka kanisani na amani tele. Imedumu mpaka jikoni.

Mke wangu Jenifa, Mama Benitha, alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa. Akaniambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba Jumapili ijayo dada yake Placida anakuja kumchukua, waende wote Mabira, akae huko kiangazi chote mpaka mvua za Septemba. Akaendelea kumenya.

Angefoka ningejua la kufanya. Jenifa akifoka, jambo huwa limekwisha. Akisema polepole ndipo anamaanisha.

Sababu ni presha. Daktari alimwambia mwezi uliopita apumzike, na yeye anadai katika nyumba hii hata viti havipumziki. Nikamwomba mifano. Ikaja! Redio yangu, inayoanza saa kumi na moja alfajiri. Kahawa iliyoanikwa mpaka mlangoni, mtu anaingia kwake kwa kurukaruka. Vumbi. Jogoo. Wale kuku wa mradi wangu wa mwaka jana walioatamia sebuleni, jambo ambalo nilidhani tulishasameheana. Mwisho akanitaja mimi, eti naongea mno. Nikamweleza kwa kirefu kwa nini si kweli. Akaweka kisu chini.

Nikamwuliza, je, nyumba ikitulia kabla ya Jumapili? Akafikiri. Akasema ikitulia, lakini itulie kweli, atabaki, na Placida atakula chakula cha mchana arudi zake.

Basi! Nimepewa wiki nzima. Mwenyezi Mungu alifanya mbingu na nchi kwa siku sita, tena bila daftari.

Naandika peke yangu chini ya dirisha, na kwa kuwa daftari hili halisomi mtu mwingine, nitasema ukweli. Naogopa. Miaka thelathini na moja ya ndoa, sijawahi kukaa nyumba hii bila Jenifa isipokuwa siku mbili alipokwenda kujifungua. Siku zile mbili sikula wala sikulala.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba

Nimempigia Benitha, binti yetu, mwalimu kule Mwanza. Sikumtajia habari ya mama yake, asije akaingilia. Nikasema kuna rafiki yangu ambaye nyumba yake haina utulivu. Akauliza kama rafiki huyo ana jogoo na redio. Nikasema hayo sikumwuliza.

Akanitumia orodha aliyoipata mtandaoni: mazoea madogo ya kuifanya nyumba ipumzishe wakati wa joto. Nimeinakili hapa. Punguza vitu ndani. Lowesha mapazia jioni ili upepo uingie na ubaridi. Tengeneza mahali pa kivuli nje pa kukaa. Punguza sauti. Zima simu kwa saa kadhaa. Kunywa maji mara kwa mara. Na la mwisho: kaa tu na uwapendao bila kufanya chochote.

Hilo la mwisho nimelifuta. Halina mpango wowote ndani yake.

Jioni nimeanza na mapazia. Nimeyachovya kwenye ndoo, nimeyatundika yakichuruzika, madirisha wazi. Nimelala nikitabasamu.

Jumanne, 8 Julai

Aliyeandika orodha ile haijui Karagwe.

Kiangazi chetu, ekyanda kwa Kinyambo, mchana jua linababua kweli. Lakini alfajiri! Alfajiri ni sweta mbili na moto jikoni. Jenifa ameamka akipiga chafya, nimehesabu kumi na moja. Akauliza kwa upole nani amemwaga maji dirishani. Nikasema umande. Akasema umande wa ndani ya nyumba ni mgeni kwake. Akajifunga kanga ya pili, akaenda kuota jua kwa Mbonimpa.

Nitasema jambo kuhusu Mbonimpa. Ni jirani yangu wa upande wa chini, mkulima kama mimi, mtu wa maneno machache. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi miaka mingi iliyopita wakapata shamba hapa Ndama. Sina ugomvi naye. Lakini kila Jenifa akichoka, anakwenda kukaa kwao na mkewe Nikuze, chini ya mparachichi wao, na akirudi uso umelainika. Kwa nini kule? Mparachichi wangu ni mkubwa zaidi, ila tu nimeegemeza mabati.

Nimekwenda kupeleleza. Nilijifanya natafuta mbuzi. Sina mbuzi, lakini Mbonimpa hakuuliza. Nilimkuta amekaa. Nikamwuliza siri ya utulivu wa kwake ni nini. Akasema asubuhi anafagia uwanja, ananyunyiza maji vumbi lisitimke, halafu anakaa. Nikangoja aendelee. Hakuendelea.

Siamini hata kidogo. Kuna kitu anaficha.

Hata hivyo nimepiga hatua. Nimemkopesha jogoo wangu. Hila mbili kwa mpigo: kwangu kimya, kwake kelele! Akanishukuru kwa mikono miwili, kumbe kuku wake walikuwa hawana jogoo. Na jogoo mwenyewe, mpaka sasa naandika, hajawika.

Jumatano, 9 Julai

Sina sauti. Yale mapazia. Nimeamka nafungua mdomo, hakuna kitu. Hata redio nimeshindwa kuifurahia, maana siwezi kuijibu.

Jenifa alikwenda kliniki kupima. Nikaona nafasi ya kupunguza vitu ndani. Nimetoa makochi mawili, kabati la vyombo, meza, na sanduku la mjomba ambalo halijafunguliwa tangu afariki. Vyote nje, chini ya ukingo wa bati. Sebule ikawa tupu, inarudisha mwangwi. Nikakumbuka nyumba ya bibi yangu, alivyokuwa akitandika nyasi mbichi sakafuni kiangazi, ukiingia unasikia ubaridi nyayoni. Nikachukua mundu nikaenda bondeni. Nimekata mizigo mitatu, nikatandika sebule nzima, ukuta kwa ukuta, nene na laini.

Jenifa aliporudi akasimama mlangoni. Nikajiandaa kujieleza, sauti haikutoka. Akavua viatu. Akaingia. Akakaa juu ya nyasi, akaegemea ukuta, akanyoosha miguu. Akasema kwao Bweranyange bibi yake pia alikuwa akitandika hivi. Akapigapiga nyasi pembeni yake, nami nikakaa.

Tulikaa mpaka jua likaingia kwa dirisha la magharibi, likazama. Alinisimulia habari za utoto wake ambazo sijawahi kuzisikia, jinsi yeye na Placida walivyokuwa wakiiba viazi vya kuchoma na kusingizia panya. Nilicheka bila sauti. Akalala kidogo begani kwangu. Sikusogea, ingawa mguu uliingia ganzi mpaka kiunoni.

Ushindi! Dawa imepatikana. Ni nyasi.

Alhamisi, 10 Julai

Sauti imerudi. Na kichwa kinafanya kazi.

Kama nyasi peke yake zimefanya vile, je, orodha nzima? Leo nimeshughulikia kivuli. Turubai letu lipo chini ya kahawa, na kahawa siwezi kuitupa mavumbini. Nimekwenda usharikani kwa Mwinjilisti Kaijage, anayetunza turubai la jumuiya, lile kubwa la bluu. Nikaomba na mabenchi manne.

Akauliza ni kwa ajili ya shughuli gani. Sasa, pale nje alikuwepo Mbonimpa, amekuja kuleta kuni. Ningetaja mpango wangu mbele yake ili auige? Ng'o! Nikainamisha kichwa, nikamwambia Kaijage kwa kunong'ona kwamba ni jambo la nyumbani, linamhusu Mama Benitha, hali yake anaijua, na kwa sasa sipendi kulisema. Nitawatangazia wakati ukifika.

Kaijage akanishika bega. Akanitazama muda mrefu. Akaniambia nijipe moyo, jumuiya ipo. Akabeba benchi moja yeye mwenyewe mpaka barabarani. Mtu mwema sana, sikujua anajali mambo ya kivuli kiasi hicho.

Turubai limesimama uwanjani. Mabenchi yamepangwa. Makochi nje, kabati nje, sebuleni nyasi. Kahawa nimeisogezea nyuma. Jenifa alitoka, akatazama pande zote, akauliza mbona pamekaa hivi. Nikasema atulie, mambo mazuri. Akasema presha kliniki wameikuta imeshuka kidogo, na jana ndiyo siku ya kwanza kiangazi hiki amejisikia yuko kwake. Akasema tukienda hivi, Placida atakula arudi zake.

Nilikwenda nyuma ya jiko nikacheza peke yangu, hatua tatu hivi.

Ijumaa, 11 Julai. Saa tano asubuhi

Naandika haraka, kuna wageni. Lakini lazima niweke kumbukumbu ya siku hii njema.

Saa mbili Jenifa alikunywa uji, akameza dawa, akasema ana usingizi mzito, anarudi kujinyoosha. Nikaona hapa ndipo pa kupunguza sauti, na si ya nyumba hii tu, ya mtaa mzima. Nikaandika kwenye grupu la simu la jumuiya. Nanakili, kwa kuwa ni maandishi safi:

Wapendwa, shalom. Mama Benitha amepumzika leo saa mbili asubuhi. Naomba utulivu, sauti ziwe chini, redio zizimwe. Asanteni kwa ushirikiano wenu. L. Rwegasira.

Halafu nikazima simu, kama orodha inavyoagiza.

Wacha nikwambie, daftari, watu wa Ndama wana moyo! Haikupita nusu saa redio zote bondeni zikanyamaza. Mashine ya kusaga ikanyamaza. Kisha wakaanza kuja, mmoja mmoja, wakinyata. Wakina mama na mikungu ya ndizi vichwani, na kuni, na maharage. Wakina baba na majembe na sepetu. Hakuna anayepaza sauti. Wananishika mkono wangu kwa mikono miwili, wanasema pole, nasema asante, maana kweli wiki hii nimechoka. Nikuze anafuta macho kwa kanga. Vumbi la kahawa yangu hilo, nitalimwagia maji.

Kaijage amekuja na joho lake. Akauliza ilikuwaje. Nikasema taratibu tu, alikunywa uji, akajinyoosha, basi. Akasema hiyo ni neema. Nikakubali. Akauliza kama wanaweza kumwona. Nikasema kwa sasa hapana, yuko chumbani na nisingependa asumbuliwe. Akaelewa. Akauliza urefu wake. Nikasema ananifika begani. Akaandika kwenye karatasi akampa fundi. Nahisi jumuiya inamshonea gauni la kushindia nyumbani.

Mbonimpa naye, na wanaume sita. Akaniuliza kwa upole wachimbe wapi.

Nimetamani shimo la mboji tangu mwaka juzi! Sijui alijuaje. Nikamwambia nyuma ya jiko. Wakatazamana. Akauliza kama si bora kule juu kwenye migomba, alipolala marehemu baba yangu. Nikamwambia kule mbali mno, nani atakuwa anapanda kilima kila siku na maganda ya ndizi? Akavua kofia. Mmoja akauliza kina. Nikasema futi nne zinatosha, likijaa tutachimba jingine. Wamekwenda, wanachimba mpaka sasa, na jasho linawatoka.

Jenifa bado amelala. Saa tatu mfululizo! Presha itakimbia nchi.

Ijumaa hiyohiyo, jioni

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Saa saba mchana Kaijage alisimama chini ya turubai kuomba. Watu kama themanini, kimya. Akafumba macho akaanza kumshukuru Mungu kwa maisha ya Jenifa. Maisha yake yote. Akasema alivyowafundisha wanawake wa jumuiya kuhifadhi mbegu. Alivyokaa na mama yake Nikuze miezi miwili ya ugonjwa. Alivyomvumilia mumewe. Hapo akasema, roho yake uipokee.

Nikafumbua macho. Jenifa alikuwa amesimama mlangoni, na kanga yake, na kikombe cha maji.

Nikuze akaketi chini ghafla juu ya kuni. Mama mmoja akatupa mkungu akakimbilia migombani. Wengine walibaki midomo wazi. Jenifa akawatazama wote, akatazama nyasi, makochi, turubai, sepetu za wachimbaji kwa mbali. Nadhani alielewa kabla yangu. Kaijage, yeye amefumba macho, anaendelea. Jenifa akaweka kidole mdomoni watu wasimkatize. Akasimama nyuma yake, akasikiliza mpaka neno la mwisho.

Akasema, Amina.

Kaijage akageuka. Joho lilimponza, alikanyaga pindo.

Kelele zilizofuata sitaziandika. Jenifa akaomba simu ya Nikuze akasoma ujumbe wangu. Akausoma tena. Akanitazama. Akauliza kwa sauti ya chini ile ya jikoni kama najua nilichoandika. Nikasema niliandika amepumzika. Umati ukaguna kwa pamoja. Akasema mtu aliyelala kitandani baada ya uji anapumzika. Aliyepumzika ni yule wa kutangazwa kanisani.

Herufi mbili! Na kwani mimi Kiswahili nilikinyonya? Nyumbani kwetu tuliongea Kinyambo. Tena nikawauliza watu: aliyekaa, si tunasema amekaa? Aliyelala, amelala? Aliyesimama, amesimama? Kwa nini anayepumzika asiwe amepumzika?

Ndipo Jenifa akacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya turubai, na wakina mama wakaanza kucheka na kulia kwa wakati mmoja, wakimshika mikono na mashavu kuhakikisha. Kwa kuwa ndizi na maharage vilikwishafika, vyungu vikawekwa motoni. Jenifa akakalishwa benchi la mbele, msiba wake mwenyewe, akihudumiwa na watu wote. Hajacheka hivyo mwaka mzima. Nilianza kuona mwanga.

Saa tisa pikipiki ikatokea barabarani na kilio juu yake. Placida. Alipigiwa simu na Nikuze asubuhi. Alishuka kabla pikipiki haijasimama, akaja akilia jina la mdogo wake, akamkuta ana sahani ya ndizi mapajani. Akaanguka magotini pake. Hakumwachia mkono mpaka jioni. Nilimwamkia. Akaniambia, shemeji, sina la kukuambia. Halafu akaniambia kwa nusu saa.

Uamuzi wake ni kwamba nyumba itulie isitulie, hamwachi mdogo wake na mwanamume aliyemchimbia shimo nyuma ya jiko.

Nimewasha simu. Simu arobaini na mbili za Benitha. Nikampigia, alikuwa kwenye basi tayari, analia. Nikamweleza. Akasema anakuja vilevile, safari hii anakuja kuniona mimi.

Jumamosi, 12 Julai

Benitha amefika, amemkumbatia mama yake mlangoni, na nusu saa nzima hawakuachiana. Mimi nimepewa mkono.

Mbonimpa alikuja na sepetu kulifukia shimo. Nikamwomba aliache, ni futi tatu na nusu, kazi nzuri. Akakaa kwenye ukingo. Akaniambia jana alikuwa akichimba huku akilia, kwa sababu Jenifa alimpikia uji Nikuze alipojifungua, kila asubuhi mwezi mzima. Akaniambia niache mambo yote niende kukaa na mke wangu. Nikamwambia hana habari, muda umebaki siku moja, nina kazi.

Lakini matumaini yapo! Saa nane mchana Benitha na Placida walikwenda gengeni. Nyumba ikabaki kimya. Jenifa alikuwa sebuleni juu ya nyasi, miguu ameinyoosha. Akaniita. Akasema hana hasira. Akasema Placida ni mkubwa wake lakini uamuzi ni wake yeye, na bado hajaamua. Akapigapiga nyasi pembeni. Akasema nije nikae.

Nikasema dakika moja tu.

Maana nilikuwa nimeona kasoro. Utulivu ule haukuwa na ulinzi. Mtu yeyote angeweza kupita akapiga hodi. Nilikuwa na ubao, rangi ilishakauka, herufi kubwa: KIMYA. Nikachukua nyundo na misumari ya inchi nne, nikaanza kuupigilia juu ya mlango wa sebule. Ukuta wa tofali za kuchoma ni mgumu. Nilipiga kama robo saa. Msumari wa tatu ulipinda nikaanza upya.

Nilipogeuka nyasi zilikuwa wazi. Alikuwa chumbani anakunja nguo.

Nikamwuliza kulikoni. Akasema hakuna kitu. Akasema labda kweli anahitaji hewa ya Mabira. Nilimwonyesha ubao. Akausoma, akasema herufi zote ziko sawa.

Jumapili, 13 Julai

Wameondoka saa nane, baada ya chakula. Pikipiki mbili. Placida na begi mbele, Jenifa nyuma na mwendeshaji wa taratibu ambaye nimemwonya mara nne. Benitha amepanda basi la Mwanza.

Kabla hajapanda, Jenifa alinitengeneza kola. Alisema kuna siku moja tu wiki hii aliyopumzika kweli, Jumatano. Nikasema najua, nyasi. Akasema si nyasi. Akasema ni kwa sababu nilikaa pale pembeni yake mpaka jua likazama, nikanyamaza, nikamsikiliza. Akasema hicho tu. Angepata hicho, angekaa hata kwenye vumbi.

Kisha vumbi la pikipiki likamficha.

Nimekaa sebuleni. Redio sikuiwasha. Hakuna jogoo, hakuna kahawa mlangoni, hakuna mtu. Nyumba imetulia kuliko ya Mbonimpa, imetulia mpaka masikio yanauma, na simpati wa kumwonyesha. Ndizi nimezichemsha zikaungua chini. Nimekula za juu. Nimemkosa mke wangu, basi, nimeandika.

Jumatatu, 14 Julai. Saa moja asubuhi

Sikulala, lakini nimeelewa! Nimeelewa kila kitu!

Kumbe hakutaka nyasi, wala kivuli, wala ubao. Alitaka nikae naye nimnyamazie. Mbona jambo dogo? Nakwenda Mabira leo hii kumweleza kwamba nimeelewa. Nimepanga hoja zangu, ziko kumi na saba, na mifano kila moja. Nikianza mara tu nikishuka, tutakuwa tumemaliza hoja ya kunyamaza kabla ya jioni. Placida naye asikilize, itamsaidia.

Jumuiya ilipanga kwenda Mabira Jumamosi kumpa Jenifa pole na kumwombea, na mimi niwe kiongozi wa msafara. Siwezi kungoja mpaka Jumamosi. Nimewaarifu kwenye grupu, kwa utaratibu, wasihangaike kunitafuta. Na kwa kuwa mimi si mtu wa kurudia kosa, safari hii nimekagua herufi moja moja, mara tatu, kwa miwani:

Wapendwa, shalom. Msimsubiri tena Mzee Rwegasira. Ametutangulia leo asubuhi, kwa amani, baada ya mateso ya usiku kucha. Tutaonana naye huko. Poleni kwa usumbufu.

Hakuna kosa hata moja. Pikipiki inapiga honi nje. Nazima simu, nipate utulivu wa safari.